Uwimbabazi Nyuma ya Mvua ya Mawe

Mwaka ule mvua ya mawe ilipiga maharagwe ya kijiji cha Bihambwe mara mbili, na mara zote mbili Uwimbabazi alikuwa ameinama shambani, hajui lolote mpaka jiwe la kwanza lilipomgonga mgongoni. Mara ya pili hakulia. Alikaa mlangoni na mumewe Shema, wakatazama majani yaliyochanika kama yametafunwa na mbuzi.

"Kama muntu angetuambia mbele," akasema, "tungeng'oa hata nusu."

Ndiyo maana Faustin alipokuja kanisani kwao Jumapili moja, alimsikiliza kwa masikio yote. Faustin alikuwa fundi wa hali ya hewa kutoka Goma. Alitafuta watu wa kufundishwa kufuata mvua kali: kuikaribia, kuona inaelekea wapi, kisha kupigia simu redio ya Kitshanga, ili wenye ng'ombe wawashushe kutoka vilimani na watu wa kambi ya wakimbizi wa vita wafunge maturubai yao kabla upepo haujayachukua. Alitaka mtu mwenye simu na asiyeogopa radi. Wanaume wakatazamana. Uwimbabazi akanyoosha mkono.

"Wewe, Mama?"

"Njo mie. Mvua iko inanifuata kila mwaka. Acha na mie niifuate."

Watu wakacheka, lakini Faustin aliandika jina lake.

Mafunzo yalianzia Itebero, huko Walikale, kwa sababu mvua haikosi huko. Uwimbabazi alikuwa amejiona tayari juu ya kilima, upepo ukimpiga usoni, wingu zima likiwa mbele yake kama picha. Alichokikuta ni miti. Kule porini mbingu haionekani. Unasikia ngurumo, hujui iko mbele au nyuma, na ukifika mahali penye uwazi mvua imekwisha kupita. Walitembea siku nzima kwenye matope na kurudi na viatu mikononi. Usiku mwili ulimuuma kama wa mwanamke aliyebeba mihogo ya wengine.

"Papa Faustin," alimwambia siku moja, wamekaa juu ya gogo, nguo zimeshika mwili, "hii kazi ni kutembea tu?"

"Mingi ni kutembea," Faustin akajibu. "Na kungoja. Na kukosa. Mwenye haiwezi kuvumilia kukosa, hii kazi haiko yake."

Hakuelewa. Alidhani Faustin anasema hivyo kwa upole tu, kama mwalimu anavyomwambia mtoto aliyeanguka mtihani.

Waliporudi Masisi, kwao Uwimbabazi, vilima vikamfurahisha. Hapo aliona. Alipewa dereva wa pikipiki, kijana wa Kitshanga aitwaye Védaste, mtu wa maneno machache aliyejua kila njia ya ng'ombe. Faustin alibaki Goma, akimfundisha kwa simu. Akamwonyesha jinsi ya kutazama tumbo la wingu, jinsi upepo unavyoingia ndani yake kabla halijamwaga, na ile rangi ya kijani chafu inayotangulia mawe. "Usikae chini yake, kaa ubavuni," alimwambia mara nyingi. "Na usisahau: hapa kwetu mvua nyingi zinatoka upande wa jua kuchomoza, zinaenda kwa pori."

Wiki za kwanza hazikuzaa kitu. Walifukuza mawingu yaliyoyeyuka kabla hawajafika. Tairi lilipasuka. Kwenye bariyeri za barabarani vijana wenye bunduki waliwauliza wanatafuta nini mbinguni, na Védaste ndiye aliyeeleza, kila mara, kwa sauti ileile ya kuchoka.

Kisha siku moja wakaipata. Uwimbabazi aliona wingu likivimba juu ya malisho, akapiga simu, redio ikatangaza, na kabla ya saa kupita mawe yakaanguka palepale aliposema. Ng'ombe walikuwa wameshashushwa. Kambini hakuna turubai lililoruka. Siku iliyofuata sokoni Kitshanga wanawake walimwita Mama wa Mvua, wakampa ndizi za bure. Alicheka, akakataa, kisha akazichukua. Njiani kurudi alimwambia Védaste, "Sasa ninaijua." Védaste aliendelea kuendesha.

Haukupita muda mrefu. Siku moja jioni inakaribia, akiwa juu ya Bihambwe, aliona wingu kubwa kuliko yote aliyowahi kuona, limesimama upande wa Walikale, jua linakotua, juu limetanuka, chini jeusi tititi. Hakumpigia Faustin. Alipiga redio moja kwa moja, akasema mvua kali ya mawe itaingia Kitshanga jioni hiyo.

Watu walimwamini. Kambini walishusha maturubai yasije yakachukuliwa na upepo, wakabeba masufuria, magodoro na wazee hadi kanisani, wakabanana humo mpaka giza. Hapakuanguka hata tone. Wingu liliingia porini likafia huko, kama Faustin alivyokuwa amesema mara zote. Waliporudi, wengine walikuta vyombo walivyoacha vimeibwa.

Faustin alimpigia simu. Hakumkaripia, na hilo ndilo lililomuumiza.

"Uliona vizuri," alisema. "Wingu lilikuwa kubwa kweli. Lakini haukuuliza linaenda wapi."

Sokoni hakuna aliyemwita tena Mama wa Mvua. Muuza chumvi mmoja alimwuliza kama leo nayo walale kanisani, na wote waliokuwa karibu wakaangua kicheko.

Tangu hapo Uwimbabazi akawa mtu wa kusitasita. Alitazama mawingu kama anayetazama mbwa aliyekwisha kumuuma. Juma lililofuata walikuwa kwenye kilima karibu na Kitshanga, mchana, wingu dogo likaanza kupanda upande wa jua kuchomoza. Upepo uligeuka. Majani yalianza kuelekea kwenye wingu.

"Mama, piga simu," Védaste akasema.

"Ni kadogo. Tungoje tuone vizuri."

"Upepo iko inaingia ndani."

"Niko naona! Tungoje, nimekuambia. Nikikosea tena, nani atanisikiliza?"

Walingoja. Alitaka kuona rangi ya kijani, na alipoiona, wingu lilikuwa limekwisha kuwapita. Alipiga simu hapohapo. Redio ilitangaza wakati mawe yanagonga mabati ya redio yenyewe. Kutoka kilimani waliona maturubai ya kambi yakiinuka moja moja, meupe, yakipepea juu ya migomba.

Asubuhi alikwenda kambini kwa miguu. Shema alimwambia asiende, watamtukana. Alikwenda. Hakuna aliyemtukana, watu walikuwa wanachimba mitaro, wanaanika blanketi, wanatafuta miti ya kusimamisha vibanda. Alimkuta mama mmoja, Anne, mkono wake umefungwa kitambaa, umevunjwa na mti wa kibanda ulioanguka. Kwa mkono mzima alikuwa anatenga kwenye ungo unga mkavu na uliolowa.

"Mama, mie njo ule wa redio," Uwimbabazi akasema. "Niliiona mbele. Nilichelewa kusema. Niliogopa kukosea."

Anne aliendelea na unga wake.

"Ungesema, tungetoka," alijibu. "Hata kama ni bure. Siye tumetoka bure mara mingi kwa sababu ya risasi. Kutoka bure haiue muntu." Kisha akamsogezea ungo. "Nisaidie. Mukono moja haitoshi."

Uwimbabazi alikaa akatenga unga mpaka jua likawa kichwani.

Jioni alimwambia Faustin kwa simu kwamba anataka kuacha. Faustin akasema hata yeye, na vyombo vyake vyote vya Goma, hukosea kila mwezi. "Sema ile unaona. Ile haujui, sema haujui. Hiyo tu."

Hakuacha. Lakini sauti yake redioni ilibadilika. Siku hizi husema, "Kuna wingu hapa, naliona, upepo unaingia. Linaweza kuja kwenu, ao linaweza kupita. Fungeni." Wengine hufunga, wengine hupuuza. Mara nyingi yeye hukosea, kisha hupiga simu tena kusema amekosea. Magoti yanamuuma kwa sababu ya pikipiki, na Shema hulalamika kwamba mke wake ana harufu ya mvua.

Wiki iliyopita wingu liligawanyika sehemu mbili mbele yake. Alitangazia pande zote mbili, kisha mawe yakamwagika katikati, kwenye kilima kisichokaliwa na mtu. Yeye na Védaste walijibanza chini ya turubai la pikipiki wakala mihogo baridi.

"Tumeikosa," Védaste akasema.

"Tumeikosa," akajibu. Alipangusa simu kwa kitenge, akapiga redio kuwaambia watu wafungue maturubai, wafanye kazi zao.