Breki ya Namba Saba

Jumanne, tarehe 9 Julai 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Msellem bin Suleiman alitia saini fomu ya ukaguzi wa foklifti namba saba katika karakana ya bohari moja ya vyakula huko Ghala, mtaa wa viwanda wa Maskati. Kwenye mstari wa breki aliandika neno moja kwa mwandiko wake mzuri uliolala: nzima. Ilikuwa mara ya tatu ndani ya wiki tano kuliandika neno hilo kwa mashine hiyo hiyo.

Foklifti ni mashine ya kunyanyulia mizigo, na namba saba ilikuwa ya betri, fupi na nzito, ambayo dereva huiendesha kwa kusimama. Ilifanya kazi ndani ya friza ya kuku na nyama, chumba kirefu chenye rafu za chuma mpaka darini, ambako kipimo cha ukutani husoma nyuzi ishirini na tano chini ya sifuri. Nje, mwezi wa Julai, huwa nyuzi arubaini na tatu, na hewa ya bahari hukuganda mwilini kama shuka mbichi.

Msellem alikuwa na miaka hamsini na tisa. Alizaliwa Vikokotoni, Unguja, akaletwa Maskati na mama yake kabla hajamaliza kung'oka meno ya utoto, na tangu aanze kazi hajafanya nyingine ila ufundi. Amebakiza mwaka mmoja astaafu. Watu walimsifu kwa mambo mawili. La kwanza ni sikio: mashine ikipita mbele yake alikwambia beringi ipi inalia. La pili ni usafi. Hakuna chombo kilichoguswa na Msellem bila kuoshwa kwanza kwa mpira wa maji ya presha, na sabuni ya kijani yenye harufu ya ndimu aliyoichanganya mwenyewe. Kazi hiyo hakumwachia mtu. "Daktari hampasui mtu na matope yake," alikuwa akisema.

Jambo moja hakulifanya: hakuingia friza. Alikuwa na baridi yabisi ya magoti, na alishaapa. Kwa hiyo karakana ilikuwa na utaratibu wake, nao ulikuwa umekubalika miaka kumi na moja: mashine ikiugua ndani, huletwa nje. Huoshwa, hupimwa juani, hurudishwa.

Asubuhi ile namba saba ililetwa na dereva wake, Hatem, kijana wa miaka ishirini na minane, mzaliwa wa Maskati, ambaye babu yake alirudi Omani kutoka Tabora. Alisubiri mpaka Msellem alipomaliza kuosha.

"Haishiki, Ami," alisema.

"Haishiki wapi?"

"Ndani. Nakanyaga, pedeli inakuwa ngumu kama jiwe, na mashine inakwenda tu."

"Na hapa je?"

Hatem aliitazama saruji ya uwanja. "Hapa inashika."

"Basi breki yako ina haya, mwanangu. Ikiniona mimi inajistahi."

Mafundi wawili waliokuwa wakifungua gurudumu kando waliacha kazi wasikilize.

"Ami, ingia ndani dakika tano tu. Koti langu ntakupa."

"N'ingie mule? Kwani mimi kuku wa Brazili?" Mafundi walicheka. Msellem, aliyependa kuchekewa, aliendelea. "Nyie watu wa Tabora tatizo lenu nnalijua. Mmezoea gari la ng'ombe. Mkitaka lisimame mnasema na ng'ombe. Hii haina masikio, yakhe. Hii inataka mguu."

"Mimi Tabora hata sijafika, Ami."

"Wewe hujafika Tabora, lakini Tabora imefika kwako."

Hatem alitabasamu kama anavyotabasamu mtu anapotukanwa na aliyemzidi umri. Msellem alipanda namba saba, akaiendesha kwa kasi hadi mstari mwekundu mwisho wa uwanja, akakanyaga. Ilisimama palepale. Akarudia mara mbili, ya mwisho huku amefumba macho, ili wacheke tena. Kisha akatia saini.

Saa nane mchana Hatem aliingia na paleti ya kuku kati ya safu mbili za rafu. Mwisho wa safu alikanyaga breki, mashine haikusimama, naye akatoa mguu wa kushoto nje kuizuia. Jambo hilo kila dereva hukatazwa siku ya kwanza ya mafunzo, na mwili hulifanya bila kuuliza. Namba saba iliubana mguu kwenye nguzo ya rafu. Kabla ya magharibi madaktari walikuwa wameshaukata, juu kidogo ya kifundo.

Kesho yake meneja wa bohari, Hisham, aliagiza mashine isiguswe hadi fundi aione pale pale ilipo. Msellem alivaa koti la kuazima, akaingia friza. Pua ilimkauka kwa pumzi ya kwanza. Alipanda namba saba, akakanyaga breki, na pedeli ilikuwa ngumu kama jiwe. Aliisogeza taratibu huku ameikanyaga vilevile. Ikaenda.

Alipiga magoti, magoti yale yale, akafungua dramu ya breki. Ndani, baina ya viatu vya breki na chuma ambacho vinatakiwa kukikamata, palikuwa na barafu. Viatu vilikuwa vinabana barafu, na barafu haibaniki, huteleza tu.

Chuma kilichotoka baridini kikikutana na hewa ya Julai hutoka jasho. Msellem alilijua hilo kwa kuambiwa, na alijua kuwa jasho huacha utando mwembamba kama karatasi. Huu ulikuwa na unene wa ukucha, na ndani yake mlikuwa na rangi ya kijani iliyofifia. Alibandua kipande kwa bisibisi, akakiweka kiganjani mpaka kikawa maji, akanusa. Ndimu.

Alibaki amepiga magoti, ingawa hapakuwa na kazi iliyobaki kufanywa. Hesabu ilijipanga yenyewe. Hatem alipolalamika mara ya kwanza, pengine ulikuwa utando wa jasho tu. Yeye akaiosha mashine kwa maji ya presha, akaipima juani ambako maji ni maji, akairudisha friza na kidimbwi tumboni. Malalamiko ya pili yalikuwa mabaya kuliko ya kwanza, na ya tatu mabaya kuliko ya pili. Kila mara kijana alipoomba msaada, yeye alimwongezea barafu.

"Ami, umeona nini?" Hisham aliuliza mlangoni. Hakutaka kuingia, alikuwa na kanzu nyepesi.

Msellem alifunga dramu. "Itolewe nje, niipime sawasawa."

"Kuna haja?"

"Ndivyo tunavyofanya siku zote."

Iliburutwa hadi uwanjani, ikakaa juani nusu saa. Chini yake palitokea doa la maji, likatanuka kidogo, likakauka. Hisham alipotoka na mashahidi wawili kutoka ofisini, saruji ilikuwa nyeupe. Msellem aliiendesha namba saba mpaka mstari mwekundu. Ilisimama palepale. Safari hii hakufumba macho. Aliandika: nzima.

Wiki ile aliukunja mpira wa maji ya presha, akauweka stoo, na kuwaambia mafundi kuwa sabuni inaharibu nyaya. Mashine zikawa zinafutwa kwa kitambaa kikavu. Namba saba ilipewa dereva mwengine, na haikusumbua tena. Siku ya kumi fundi mmoja alisema kwa furaha, "Hatem kaondoka na shetani wake. Ami alisema toka mwanzo, kasoro ni mguu." Mwenzake alianza kucheka, halafu akakumbuka ni mguu gani unaosemwa. Msellem aliendelea kukaza bolti.

Katikati ya Agosti alikwenda Ghubra, nyumbani kwa kina Hatem, kumtazama mgonjwa, kwa sababu kutokwenda kungesemwa. Alipokewa na mama yake Hatem, Bi Kheiria, ambaye alimwekea tende na kahawa, akakaa karibu naye kuliko ilivyo desturi.

"Tulifurahi mno tuliposikia fundi atakayesema mbele ya kamati ya kuchunguza ajali ni wewe," alisema. "Mtu wa lugha yetu. Mgeni angemjuaje mwanangu?"

Hatem alikuwa ameketi godoroni, shuka imefunika mapaja. Kampuni ilikuwa imeshamwandikia. Kamati ikiona mashine ilikuwa mbovu, atapewa kazi ya dawati. Ikiona ilikuwa nzima, ataachishwa kwa uzembe, na uzembe huo utaandikwa kwenye leseni yake.

"Watasema nilitoa mguu," alisema Hatem. "Kweli nilitoa. Lakini kwa nini nilitoa, Ami? Hilo nani analijua kama si wewe?"

"Mimi nnajua n'lichokiona."

"Uliona nini?"

"Nje inashika."

"Na ndani? Wamesema uliingia siku ya pili yake."

Bi Kheiria alishika birika bila kumimina. Msellem alitazama tende. Angeweza kusema pale, mbele ya watu wawili tu, kwa sauti ndogo. Alifungua mdomo, na kilichotoka ni swali.

"Kidonda kinapona?"

"Kinapona," alisema Hatem. "Nakuomba jambo moja. Waambie waiwashe ndani, mbele ya kamati. Mara moja tu. Ikisimama, na mimi ntanyamaza."

Msellem alijua kuwa ingesimama. Ilikuwa kavu kwa zaidi ya mwezi.

"Hilo ntawaambia," alisema. "Hilo ni haki yako, mwanangu."

Bi Kheiria alilia kwa shukrani. Msellem alitikisa kikombe kuonyesha kuwa kahawa imetosha. Alipoinuka, mama yule alimtilia visheti kwenye mfuko ampelekee mkewe nyumbani kwao Mawaleh, naye akavipokea kwa mikono miwili.

Kamati inakaa Jumatatu, tarehe 2 Septemba, saa tatu asubuhi, na kwa ombi la fundi mwenyewe itakaa ndani ya friza, na kila mjumbe atapewa koti. Msellem atapanda namba saba na kukanyaga breki. Mashine itasimama, na Hatem ataachishwa kazi siku hiyo hiyo.