Mkono wa Fabiani

Siku ile tulikuwa tunapura alizeti. Kaka yangu Masuke alishika gogo ambalo nyinyi mngelifanya nguzo ya umeme, akawa anavipiga vichwa vya alizeti uani, puu, puu, mbegu zinarukia hadi kwa jirani. Mama akamjia juu. "We Masuke, unapura au unalisha kuku wa kijiji kizima?" Masuke akacheka, akaendelea vilevile. Ndivyo alivyokuwa, ukimgombeza anacheka.

Mnatuita majitu. Neno hilo silipendi, lakini nimechoka kugombana na watu, hasa hapa Nzuguni ninapoishi sasa, ambako fundi aliponijengea mlango alikuja na shemeji zake wote kuutazama. Sisi ni watu. Ni kweli, mtu mzima wetu akisimama, paa la nyumba ya kawaida linamfika kifuani. Basi. Tuliishi milimani nyuma ya Kondoa, penye chemchemi, tukilima alizeti na mtama, na siku za mnada tulishuka kama watu wengine kununua chumvi na kubishana bei.

Urefu huo ndio uliotupa mila inayozishinda nyingine zote. Tunafundishwa tangu utotoni kwamba mtu mfupi akilazimika kuinua shingo ili akuone uso, hofu humwingia. Kwa hiyo mgeni akifika tunakaa chini, hata kama ni kwenye matope. Na mgeni akitaka undugu, tunasonga ugali wa mtama, tunapika mlenda, tunakula sahani moja, kisha anaweka kiganja chake utosini mwako. Tangu hapo kichwa chako ni dhamana yake. Akija mbele yako unakaa, na huinuki mpaka yeye mwenyewe aseme, "Inuka." Si mkeo, si mama yako, ni yeye. Kuinuka kabla ya neno lake ni kumwambia usoni kwamba unaweza kumuua. Sikuwahi kumwona mtu wetu akifanya hivyo.

Aliyemwekea Masuke mkono alikuwa Fabiani, mfanyabiashara wa Chang'ombe pale Dodoma mjini, aliyekuja na lori kila msimu kununua alizeti yetu. Mtu wa maneno matamu, na tulimpenda. Jamani, tulimpenda! Mama hakumwacha aondoke bila asali ya watoto wake.

Siku ile ya kupura alifika mchana. Masuke akatupa gogo, akakaa.

"Shikamoo mama," Fabiani akasema.

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Watoto?"

"Wazima, wanakusalimu." Akamgeukia kaka yangu, akampiga begani. "Inuka bwana, magunia hayajipakii yenyewe." Wakacheka wote wawili.

Wakati wa kupakia alitueleza kwamba huko bondeni kumechafuka. Kuna watu wameshika bunduki, wanaitaka chemchemi yetu na malisho yake. Mama akashika kifua. "Msiwe na wasiwasi, mama," Fabiani akamwambia. "Mimi nipo."

Mimi nipo! Hadi leo nikimsikia mtu akisema hivyo, mwili unanisisimka.

Vita vilitufikia kiangazi. Walianza kwa kuchoma mashamba, wakaja kupiga ng'ombe risasi, kisha wakaanza kupiga watu. Sisi hatukuwa na bunduki. Tulikuwa na mawe, na tulikuwa na korongo jembamba ambalo ndilo njia pekee ya kupanda kijijini. Anayelishika korongo lile ameushika mlima.

Asubuhi moja iliamuliwa kwamba wazee, watoto na majeruhi wavushwe upande wa pili. Masuke akabaki korongoni peke yake kuzuia njia mpaka wote wavuke. Alijibanza nyuma ya jabali, na kila walipojaribu kupanda aliwaporomoshea jiwe. Risasi zilikwaruza mwamba tu, hazikumpata. Mimi nilikuwa juu yake, umbali wa kuitana, namteremshia maji kwa kamba. Nilijua atashinda. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria tutakula nini jioni.

Mara risasi zikanyamaza.

Nikachungulia. Mtu mmoja alikuwa anapanda, ameinua kitambaa cheupe. Nyuma yake wenye bunduki wanamfuata taratibu.

Alikuwa Fabiani.

"Masuke, ndugu yangu," akaita. "Ni mimi. Njoo tuzungumze."

Kaka yangu akatoka nyuma ya jabali. Akaliweka chini jiwe lililokuwa mikononi mwake, polepole, lisimtishe mgeni.

Akakaa.

Fabiani akamsogelea, akaweka kiganja utosini mwake. Nilishusha pumzi. Wallahi, nilishukuru Mungu, nikasema yamekwisha.

Kisha akauondoa mkono, akasogea kando.

Nikapiga kelele, "Inuka! Kaka, inuka!" Lakini neno langu halikuwa na kazi. Masuke hata hakunitazama. Alikuwa anamtazama Fabiani, anamngojea aseme.

Fabiani akatazama chini.

Wakampiga risasi pale pale alipokaa.

Nilikimbia. Mama nilimbeba mgongoni hadi Kondoa, ambako Bi Mwanaidi, muuza nafaka, alitufungulia ghala lake akatuficha nyuma ya magunia mpaka mapigano yalipotulia. Hakuwa na undugu wowote nasi, hakuwahi kumwekea mtu wetu mkono. Mama alifia mle ghalani, akimtaja Masuke.

Niliporudi mlimani nilimkuta kaka yangu ameegemea mwamba, mifupa na nguo. Hapo ndipo nilipoelewa alichotufanyia yule mtu.

Sisi huzika wafu wetu wakiwa wamesimama. Tunaishi tumekaa mbele ya watu, tukifa tunasimama. Lakini mwenye ndugu wa mkono hasimamishwi mpaka ndugu huyo aje kaburini aseme neno lake kwa mara ya mwisho. Masuke alikuwa na mtu mmoja tu duniani wa kumwinua. Nikachimba kaburi pana, nikamzika alivyokaa, nikajiambia ni kwa muda tu.

Fabiani nilimkuta dukani kwake Chang'ombe, amenenepa. Nilikaa chini barazani, wateja wakanizunguka kama wametembelewa na sarakasi.

"Sikuja kwa ugomvi," nikamwambia. "Twende mlimani, useme neno, urudi zako."

Akaangaza macho huku na huku, akainuka kitini, akanisogelea sikioni. "Dada Tabu, walinikamata. Walisema watalichoma lori na mimi ndani. Ningefanya nini?"

"Hilo nimelisikia. Mimi nakuomba neno moja."

"Kwa maiti? Na watu wakiniona kule, si watasema nimekiri kwamba nilimuuza?" Akarudi kitini, akapaza sauti wateja wamsikie. "Mpeni mama huyu soda, ametoka mbali."

Soda sikuigusa. Nilimtukana matusi ambayo mama angenichapa kwayo, nikaondoka.

Watu huniuliza kama nimemsamehe. Woga wake naweza kuuelewa, hata mimi nilikimbia. Bunduki zilipokuwa nyuma yake alikuwa mateka, sawa. Ila pale dukani nani alimshikia bunduki? Alikuwa amekalia kiti chake mwenyewe, ameshiba, na bado alimnyima kaka yangu neno moja lisilo na gharama.

Kila mwaka narudi kufyeka majani makaburini. Basi halinitoshi, nadandia lori la mizigo. Baba yuko pale, babu yuko pale, na mama nilimrudisha kutoka Kondoa nikamzika kama inavyotakiwa. Wote wamesimama. Masuke amekaa, anamngoja Fabiani.