Gari Lililoogopa Suruali

Jumanne nilikuwa kwa mama anayechoma mahindi steji ya Kawangware 46, mlangoni mwa gereji, gari lilipoingia na mwenyewe akashuka akiwa amekasirika.

"Fundi, hii gari inajishikia breki. Mkokoteni ukipita, breki. Boda ikikatiza, breki. Jana imeona suruali ya mitumba imening'inia, ikadhani ni mtu. Wa nyuma akanigonga."

Fundi hakuuliza mengi. Alikata kipande cha selotepu nyeusi, akakibandika juu ya kamera ya hizo breki, iliyo kwenye kioo cha mbele, akakibonyeza kwa kidole gumba kama anayefunga kidonda.

"Hiyo imeisha, boss."

Mama akaacha kupepea makaa. "Mmeiharibu," akasema. "Hiyo ndio gari sisi hungojea ndio tuvuke. Hata watoto wa shule wanaijua."

Mwenye gari akacheka, akaondoka kwa kasi. Mwanamke aliyekuwa ameshateremsha mguu mmoja barabarani, kwa mazoea, akaurudisha haraka.

Wenye magari ya aina hii wanalalamika kwamba mitambo yake haiaminiki, na sibishani nao. Gari linaloheshimu suruali lina kasoro. Ila mimi huvuka hapo kila siku, na sijaona dereva aliyewahi kudhani suruali ni mimi, akasimama.

Sasa limepona, linaenda kama mengine. Nami nilivuka nikikimbia, hindi mkononi.