Unajijua Mwenyewe

Siku ya tatu mfululizo Zainabu alijaza ndoo zake bombani, akajitwisha moja, akaishika nyingine mkononi, akampita Hafsa kama mtu anavyopita nguzo ya umeme. Hafsa alimsalimu. Salamu ikabaki hapo juu ya matope, hakuna aliyeiokota. Wanawake wanne waliokuwa kwenye foleni wakapata shughuli ghafla: huyu anafunga khanga upya, yule anatazama simu iliyoisha chaji.

"Kuna nini?" Hafsa aliuliza.

"Kwani kuna nini?" alijibu Saumu, mama wa nyumba ya kona, kwa sauti ya mtu anayelijua jibu. "Sisi tumefuata maji tu, mwandishi."

Mwandishi. Wiki iliyopita alikuwa shoga, dada, jirani. Hafsa aliteka maji yake akarudi nyumbani akihesabu makosa. Harusi ya nani hakwenda? Chombo cha nani hakukirudisha? Hakupata hata moja, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi zaidi.

Yeye na Zainabu wameishi Magomeni hii ya huku kusini miaka tisa wakitenganishwa na ukuta mmoja, ukuta mwembamba kiasi kwamba mmoja akipiga chafya mwenzake humwombea heri bila kuinuka. Mama yake Hafsa alipofariki Mikindani, Zainabu ndiye aliyekaa naye matanga yote, akilala mkekani ubavuni mwake. Mtu wa namna hiyo hakunyimi salamu kwa sababu ya chombo.

Kazi ya kuandika Hafsa aliianzia kwenye stationari moja mjini, alikokuwa akichapa kadi za harusi na barua za maombi. Baba yake alikuwa fundi cherehani, na Hafsa alirithi kwake tabia ya kumpima mtu kwa macho kabla hajafungua mdomo. Kadi zake za harusi zilisomwa mpaka mwisho, jambo ambalo kadi za harusi hazijalizoea. Sifa hiyo ilimfikia Fatemazehra, binti wa Mzee Hussainali mwenye duka la magodoro na mapazia, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Dar es Salaam na mafundisho mapya ya biashara.

Siku alipomwita dukani alimwonyesha tangazo lao la miaka yote. Lilikuwa limebandikwa mlangoni, limefifia: Hussainali na Wanawe. Tupo tangu zamani. Tuna magodoro, mazulia na mapazia. Bei zetu ni nafuu. Nyote mnakaribishwa.

"Dada Hafsa, soma. Tupo, tuna, zetu. Yote ni sisi. Mteja yuko wapi hapa?"

"Mteja anajua aliko," alisema Mzee Hussainali kutoka kwenye kiti chake. "Asichojua ni duka liliko. Mwambieni duka liko wapi, basi."

"Baba, mteja anataka ajione mwenyewe. Asikie tangazo aseme, huyu ni mimi."

"Akitaka kujiona, vioo viko rafu ya juu."

Hafsa alicheka, lakini maneno ya binti yalimwingia. Akakaa dukani siku mbili juu ya zulia lililokunjwa, daftari pajani, akisikiliza wateja. Aligundua kitu kimoja: wanawake wote walibonyeza magodoro kwa kiganja, na wote walikuwa wanawanunulia wageni. Hakuna aliyesema la kwake limechoka. Mji mzima ulionekana kungoja wageni, na wenyeji wote wanalala vizuri.

Basi maneno hakuyapata dukani. Aliyapata uani kwake, alipotoa godoro lake kulianika na kuliona lilivyo kwenye jua. Upande mmoja bonde, upande wa pili limetuna kama limetoka dukani jana. Akaandika amesimama, kalamu ikikimbia:

Dada uliyeamka leo kiuno kinakuuma! Godoro lako limebonyea upande mmoja, upande wa pili jipya. Unajijua mwenyewe. Njoo kwa Hussainali, ulale sawasawa.

Fatemazehra alipiga makofi. Maneno yakarekodiwa kwa sauti ya Anold, dereva wa bajaji yenye spika mbili juu, naye akaanza kuzunguka Ufukoni, Rahaleo na Magomeni.

Tangu hapo ndipo bombani kulipobadilika, na Hafsa, akirudisha nyuma siku moja baada ya nyingine, alianza kulishuku tangazo. Pengine Fatemazehra aliongeza neno. Pengine Anold alitia utani wake, maana mdomo wake hauna breki. Akamfuata kijiweni kwake, akamwambia aipige ile rekodi. Aliisikiliza mara mbili. Neno halikuongezwa wala kupunguzwa.

"Magomeni ulipita mara ngapi?"

"Kupita? Jumanne sikupita, nilikaa," alisema Anold. "Tairi, dada. Nimengoja fundi robo tatu ya saa."

"Na spika?"

"Ikaendelea. Nalipwa nitangaze, halafu nizime? Watu walitoka nje, wakacheka mpaka wakashikana. Nikasema tangazo limefika."

"Ulikaa wapi, Anold?"

"Pale penye kivuli. Mlango wa bluu."

Hafsa alijishika kichwa. Mlango wa bluu ni wa Zainabu, na Jumanne hiyo yeye alikuwa ameshinda Mikindani.

Iko miji ambako neno "wewe" kwenye tangazo halimgusi mtu. Linapita juu ya vichwa pamoja na honi na moshi, kwa lugha tatu au nne, na kila mmoja anaendelea kula chakula chake. Pwani hii si hivyo. Huku "wewe" isiyo na jina ni kijembe, na kijembe lazima kiwe na mwenyewe. Watu hawaulizi kinasemaje, wanauliza kinamwendea nani. Na ukishamaliza kwa "unajijua mwenyewe", maneno ambayo wanawake wa Magomeni wameyatumia kwenye ugomvi tangu bibi zao, umekwisha kutangaza vita. Kilichobaki ni kutazama umesimama kwenye mlango wa nani. Anold alisimama robo tatu ya saa.

Na huo mlango! Mume wa Zainabu, Bwanaheri, hununua samaki wakavu Msimbati na huonekana nyumbani mara mbili kwa mwezi. Minong'ono kwamba ana nyumba nyingine huko ilikuwepo siku nyingi, ila ilikuwa minong'ono. Sasa ilikuwa imepata spika.

Hafsa alikwenda kupiga hodi. Kimya. Akapiga ya pili, ya tatu. Mstaarabu akipiga hodi tatu bila jibu huondoka, lakini hakuondoka.

"Umefuata maneno mengine?" sauti ya Zainabu ilitoka nyuma ya ubao. "Daftari umekuja nalo?"

"Shoga yangu, nisikilize. Sikukutaja."

"Ndiyo. Hukunitaja. Ungenitaja ningekuita mwongo, yakaisha. Umelala humu ndani, Hafsa, juu ya godoro langu, siku ile homa imekushika. Ukaliona. Ukaenda kumuuzia Mhindi."

"Wallahi sikuliandika lako."

"La nani basi?"

Hafsa alitazama kulia, akatazama kushoto. Pazia la Saumu lilitikisika na hakukuwa na upepo.

"Langu," alisema polepole.

Ndani kilitoka kicheko kikavu. "Lako! Mumeo Suleimani anarudi kila siku kabla ya magharibi na mkate mkononi, mtaa mzima unamwona. Godoro lako libonyee upande mmoja kwa lipi? Tafuta uongo mwingine."

"Analala sebuleni. Chini, mkekani. Anasema mgongo unamuuma, kitanda hakimfai."

"Tangu lini?"

"Tangu Ramadhani."

"Hii iliyopita?"

"Ya mwaka juzi."

Komeo likalia. Mlango ulifunguka kiasi cha jicho moja, na jicho hilo lilimkagua Hafsa muda mrefu, kama linavyokagua noti.

"Mwaka juzi," Zainabu alirudia. Hasira ilikuwa imepungua, mahali pake pameingia kitu kama huruma, ambacho Hafsa alikiogopa zaidi. "Na wewe umemwamini?"

Mpaka asubuhi ile Hafsa alikuwa amemwamini bila hata kujua kwamba anafanya kazi ya kuamini.

"Mimi sawa, nimekusikia," alisema Zainabu. "Lakini nilichekwa mbele ya watu, kwa spika. Wewe unaniomba radhi kwa kunong'ona. Sasa hao watu nitawaambia mimi?"

Kesho yake Hafsa alikuwa dukani mapema, na karatasi mpya. Fatemazehra aliisoma, akainua uso.

"Dada, mbona umeandika mimi? Tulikubaliana wewe. Mteja!"

"Kila akisikia wewe, anatafuta nani kakutuma. Ukisema mimi, anasogea kusikiliza."

"Hilo hatukufundishwa."

"Waliokufundisha hawateki maji Magomeni."

Mzee Hussainali aliomba karatasi, akaisoma akiwa ameisogeza mbali na macho. Alipofika mwisho hakufanya mzaha. "Binti," alimwambia Hafsa, "una hakika? Neno likishatoka kwenye ile bajaji, mimi sina duka la kulirudisha."

"Nina hakika, mzee. Ila malipo yangu nataka godoro. La inchi nane."

Jumamosi asubuhi bajaji ilipita, safari hii kwa sauti ya Hafsa mwenyewe: Mimi Hafsa, jirani wa mlango wa bluu, Magomeni. Godoro lililosemwa ni langu. Limebonyea upande wangu. Kiuno kinaniuma, nimekwenda kwa Hussainali nimechagua jingine. Asiyeamini la zamani liko uani kwangu, nimelianika.

Na kweli alikuwa amelianika, limeegemezwa ukutani, bonde likitazama njia. Walikuja. Kwanza wawili, wakisingizia kuomba chumvi. Halafu wengine bila kisingizio. Saumu aliingia wa mwisho, akapapasa bonde, akapapasa na upande uliotuna.

"Mh. Laini kweli upande huu, mtu hajagusa." Akaangaza uani kama anayetafuta kitu kilichopotea. "Na shemeji Suleimani yeye, maskini, tunamlaza wapi?"

Kicheko kilizunguka uani. Hafsa alisikia masikio yake yakiwaka. Alikuwa amejiandaa kwa kila kitu, ila si kwa jinsi kicheko kinavyokuwa kirefu kinapokuwa chako.

"Saumu," sauti ilitoka mlangoni. Zainabu alikuwa amesimama na ndoo yake. "Hapa tumeshaona. Twende kwako sasa, la kwako tukalitazame. Wote."

Saumu akakumbuka kwamba ana sufuria jikoni. Wengine nao wakakumbuka mambo yao, mmoja baada ya mwingine, na dakika si nyingi ua ulibaki na watu wawili. Zainabu aliweka ndoo chini, akashika godoro kuukuu upande wake.

"Shika huko, shoga. Tulitoe hapa."

Godoro jipya liliwasili mchana kwa bajaji ya Anold, aliyelishusha kwa adabu isiyo ya kawaida yake. Wanawake wawili walilitandika, wakavuta shuka, wakarudi nyuma kulitazama. Lilikuwa tambarare kabisa.

"Mgongo hauna sababu tena," alisema Zainabu, akaenda kwake.

Suleimani, fundi wa majokofu, alirudi kabla ya magharibi na mkate mkononi.

"Nimekusikia Rahaleo," alisema. "Na tena pale stendi."

Hafsa alingoja. Mume wake aliingia chumbani, akalibonyeza godoro kwa kiganja, kama wateja wote. Likazama, likarudi juu.

"Zuri," alisema.

"Ni kwa ajili ya mgongo wako."

"Alhamdulillahi."

Akatoka. Mto wake ulikuwa bado sebuleni, juu ya mkeka uliokunjwa. Hafsa alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, akasikia hatua zake zikiufuata ule mto, zikasimama. Upande wa pili wa ukuta, Zainabu aliyekuwa akikwangua sufuria akaacha kukwangua, akasikiliza.