Barua za Zabibu Zilizorudi

Jamaldini Swedi wa Nkuhungu ana kichwa kigumu, na hata yeye mwenyewe hakatai. Kwa miaka minne hakusemezana na bintiye Salwa, tangu binti huyo alipoolewa bila radhi yake na Lameck, mwalimu Mkristo anayefundisha katika kijiji cha Busi. "Usikanyage tena kwangu," alimwambia, na hakuwa mtu wa kumeza maneno yake.

Lakini baba ni baba. Yeye ndiye aliyeendesha orodha ya barua pepe ya chama cha wakulima wa zabibu, wanachama mia nne na ushee. Kimyakimya akaiingiza humo anwani ya Salwa, ile aliyopewa chuoni. Basi kila Jumatatu, chini ya habari za ukungu na kupogoa mizabibu, pakawa na mstari usiohusu zabibu: goti la mama limepata nafuu, mkomamanga wa uani umezaa. Wakulima walicheka, wakasema mzee anazeeka. Kwa kuwa programu ya kutuma barua hizo haikumwonyesha kwamba yoyote ya Salwa imerudi, aliridhika kwamba zinasomwa.

Machi mkewe, Stara, akafariki. Ndugu walipotaka kumpigia Salwa, Jamaldini aliwakatalia. "Nimeshamwandikia mwenyewe," alisema. Na kweli aliandika, kwenye orodha ile ile, siku na saa ya maziko. Wakulima walikuja hata kutoka Zuzu. Salwa hakuja. Mzee akasema mtoto asiyemzika mama yake si mtoto, na jina hilo lisitajwe tena nyumbani.

Mei wanachama wakalalamika kwamba barua haziwafikii, akakaa kuikagua programu. Barua isipofika hurudishwa na taarifa ya kosa, na programu huisoma: namba ikianza na nne, ijaribu tena, ikianza na tano, anwani haifai, iondolewe. Kumbe taarifa zilizoandikwa kwa mtindo mwingine programu haikuzielewa. Ilikuwa ikizitupa kwenye folda ya pembeni bila kumwambia mtu. Zilikuwa zaidi ya elfu. Akaifundisha mitindo ile mmoja mmoja, kisha akaiamuru isome folda nzima upya.

Anwani ya Salwa ikatokea, ikatokea tena, ikajaza skrini. Chuo kilikuwa kimeifunga kabla ya barua ya kwanza. Barua ya maziko ilikuwa imerudi dakika mbili baada ya kutumwa. Jamaldini alilia palepale kwenye kiti, kwa sauti, mchana kweupe.

Akaitoa kabatini simu ya marehemu, akaichaji, akatafuta palipoandikwa "Mwanangu", akapiga.

"Nani?" Salwa aliuliza kwa hofu.

"Ni mimi, mwanangu."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nilikuandikia habari za mama yako. Barua zote zimerudi. Leo ndiyo nimejua."



"Nilisikia msiba sokoni, siku ya pili baada ya maziko," Salwa alisema. "Nilikuwa nimeshajifunga khanga nije. Nikasema, kama baba amemzika bila kuniita, basi hata kaburini hanitaki. Nikazifungua, nikakaa."