Pilipili kwenye Meza ya Pasi

Mtaa mzima ulimwita Mzee Mkunjo. Si kwamba alikuwa amekunjamana, la, alikuwa amenyooka kama uzi. Jina alilipata kwa sababu mkunjo ndio adui aliyeapa kupambana naye mpaka siku ya mwisho. Hata msibani, wenzake wakiwa wameinamisha vichwa, yeye macho yako kwenye kola ya aliyekaa mbele yake na mkono unamwasha.

Alikuwa dobi. Duka lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake: kaunta ndogo ya kupokelea nguo, meza ya pasi katikati, nguo zilizokwisha zikining'inia ukutani, na mlango wa nyuma uliotokea uani kwenye bomba, mabeseni na kamba za kuanikia. Mkewe alifua huko uani, yeye alipiga pasi ndani, na miaka yote hiyo hawakuwahi kugombana juu ya kazi. Labda ni ule mlango katikati uliowasaidia.

Majivuno yake yalikuwa mawili. La kwanza, hakutazama kopo la wanga wa kukazia nguo. Wanga wa kupulizia ulikaa kona ya kulia ya meza, na mkono ulikwenda wenyewe kuuchukua huku mdomo ukiendelea na hadithi. "Mkono wangu una macho," aliwaambia wateja. Miwani aliyonunuliwa na mkewe ilikuwa kwenye droo, haijatoka hata ndani ya kikasha chake, na ukimtajia habari zake ananuna kutwa nzima. La pili, hakuna nguo iliyowahi kumshinda.

Ila moja, nayo haikumshinda, aliisusa. Ni gwanda la binti yake.

Binti huyo, mtoto wake wa pekee, alikuwa mlinzi kwenye ghala la nafaka. Siku alipoleta habari kwamba ameajiriwa, Mzee Mkunjo aliweka pasi chini, jambo ambalo hakulifanya hata mvua ilipovujia dukani, akasema pasi yake haitaligusa gwanda hilo. Alikuwa na ndoto ya kumwachia meza. Tena aliogopa, na hili hakulisema kwa mtu. Kichwani mwake mlinzi ni mtu anayelipwa ili apigwe yeye badala ya magunia ya watu. Kila jioni binti akitoka kwenda lindoni, mzee alikohoa kikohozi kisichokuwepo na kugeukia ukutani.

Basi binti akawa anajipigia pasi mwenyewe, na hapo ndipo kichekesho kilipokuwa. Alifundishwa kazi hiyo tangu utotoni na haikumwingia. Mashati aliyaweza. Suruali ilimtoa jasho, kila mguu ukitoka na mistari miwili iliyokwenda sambamba kama reli. Wenzake kazini walimwuliza treni inapita saa ngapi. Wengine walimwuliza baba yake si dobi, na hilo ndilo lililomchoma.

Siku yenyewe ilianza kwa chai. Binti alipiga moyo konde akamwambia baba yake kwamba alasiri, saa kumi, kuna gwaride la ukaguzi, na mkaguzi atachagua kiongozi wa zamu. Mara iliyopita alikuwa wa kwanza kwa kila kitu mpaka mkaguzi alipofika kwenye suruali. Alisema hataki kumvunjia mtu kiapo, anaomba mstari mmoja tu kila mguu.

Mzee Mkunjo alikoroga chai ambayo sukari yake ilikwishayeyuka zamani. "Nimesema nilichosema," akajibu, akaenda kufungua duka. Mkewe alimsindikiza kwa jicho ambalo, lingekuwa pasi, lingemwunguza.

Binti hakubishana. Alijipigia pasi mwenyewe chumbani, akavaa mapema ili aone kama reli zinaonekana. Zilionekana.

Sasa huyo mama naye alikuwa na sheria yake: hakuna mfuko unaoingia majini na kitu ndani. Jana yake alipokuwa akifua gwanda hilo alitoa mfukoni kopo jeusi, urefu wake kama kiganja, akaliweka dirishani pamoja na vifungo, vichana na takataka nyingine za wateja. Asubuhi hiyo akafuta dirisha. Kopo akalihamishia mezani, kona ya kulia, kwa dakika moja tu, ndipo bomba la uani likaanza kububujika akakimbilia huko. Ile dakika moja ikawa asubuhi nzima.

Akaja mteja mwenye haraka zake. Alikuwa jitu la miraba minne, msimamizi wa bwana harusi, na harusi ilikuwa jioni. Alivua shati lake jeupe papo hapo, akabaki na fulana, akaomba apigiwe pasi akisubiri. Mzee Mkunjo alifurahi, kwani alipenda watazamaji. Akalitandaza shati, akaanza kisa cha koti la hakimu lililoliwa na panya, mkono ukaenda kulia, ukapuliza kola, ukapuliza mabega, ukapuliza na kifua kwa ukarimu. Akashusha pasi ya moto.

Wanga hutoa harufu ya wali. Hii haikuwa ya wali. Uliinuka mvuke ulioingia puani, machoni na kooni kwa pamoja, na kisa cha hakimu kikakatika katikati. Mzee Mkunjo aliona nyota mchana, kisha hata hizo nyota hakuziona tena. Msimamizi alidhani nyumba inaungua, akatoka kwa kishindo akachukua na kaunta. Mzee naye alibaki akipapasa, akikohoa kikohozi ambacho safari hii kilikuwepo kabisa.

Binti alisikia, akaja mbio, akanusa mara moja tu akajua ni ile pilipili ya kupulizia anayobeba lindoni. Akavuta waya wa pasi ukutani, akazuia pumzi, akaushika mkono wa baba yake akauweka begani mwake. "Nifuate, baba. Usijisugue."

Akamtoa uani, akamgeuza uso upande upepo unakotoka. Mzee alitaka kujisugua, ni nani asingetaka, lakini kila mkono ulipoinuka binti aliushusha. Akamwambia apepese macho haraka haraka, machozi yatiririke, machozi ndiyo yanayosafisha. Yule msimamizi akaletwa akasimamishwa kando yake, wakawa wawili, mrefu na mpana, wanapepesa kama wamechongewa kwa mwalimu.

Habari zikavuka ukuta. Kinyozi wa jirani akafika na pakiti ya maziwa, akidai amesikia ndiyo dawa. Mwingine alipendekeza siki, mwingine mafuta ya kupikia. Binti alimshukuru kila mmoja, akaeleza kwamba pilipili hiyo ni ya mafuta, ukiongeza mafuta unaisambaza, na siki machoni ni kutafuta msiba wa pili. Maziwa, alimwambia kinyozi, anywe mwenyewe. Kinyozi alikaa kwenye kizingiti akayanywa huku anatazama, na akakiri baadaye kwamba hajawahi kupata onyesho zuri kama lile.

Maji yalikuwa ya bomba, ya baridi, na mengi. Mama alishika ndoo, binti akashika kata. Aliwainamisha mbele ili maji ya kichwani yasiteremke kifuani na kwingineko. Macho yamefumbwa, akawapaka sabuni ya maji ya kuogeshea watoto wachanga, kutoka kipaji cha uso kushuka, bila kusugua, akasuuza, akapaka tena, akasuuza tena. Msimamizi aliomba maji ya moto. Aliambiwa akiyapata atajuta, maana joto linafungua ngozi na kuiamsha pilipili upya.

"Na mikono?" akauliza.

"Mikono kwanza, kaka, tena mara tatu," binti akamwambia. "Na usiende msalani kabla hujaniona."

Jitu lile likanawa mikono mara nne.

Mzee Mkunjo alijikaza kisabuni. Moto ulipopungua na dunia ikaanza kurudi vipande vipande, kitu cha kwanza alichokiona ni bega la binti yake. Pale alipouweka mkono palikuwa na alama ya vidole vitano, rangi ya chungwa, na suruali ilikuwa imelowa mpaka magotini, reli na stesheni zote zimesombwa na mafuriko.

"Umejuaje haya yote?" akamwuliza.

"Tulipuliziwa mafunzoni. Kila mmoja, ili ajue ikoje na ajue namna ya kumsafisha mwenzake. Ilikuwa wiki ya kwanza."

Wiki ya kwanza. Mzee Mkunjo aliikumbuka. Binti alirudi na macho mekundu, akasema ni mafua, na yeye moyoni alijua amelia, amejuta, kesho ataiacha kazi. Usiku ule alilala kwa furaha. Sasa aliona aibu iliyomwasha kuliko kile kilichokuwa machoni. Mtoto alikuwa amepita kwenye moto huu peke yake akarudi nyumbani kula, akaamka kesho yake akaenda tena.

Aliuliza tu vifaa vitasafishwaje.

Kazi ikaanza. Madirisha na milango ikaachwa wazi, nguo za wateja zilizokuwa mbali zikatolewa kupunga hewa. Kitambaa cha meza kikatiwa kwenye mfuko wa plastiki ukafungwa. Binti alivaa glavu za mpira za mama yake, akafuta meza, kitasa, swichi na kile kilichobaki cha kaunta kwa kitambaa chenye sabuni, akikibadilisha kila kilipochoka. Simu ya msimamizi ilifutwa, mkanda wa saa ukaoshwa, viatu vikasuguliwa soli. Pasi iliachwa ipoe kabisa ndipo ikafutwa, mara mbili, na Mzee Mkunjo aliitazama ikifutwa kama mgonjwa wake yuko kwa daktari.

Shati la harusi lililowekwa peke yake lilipita maji baridi, sabuni, maji baridi, sabuni tena. Mzee alitaka kulipitisha pasi liwahi kukauka.

"Baba, likiwa na pilipili hata chembe, pasi itaipandisha tena," binti akasema. "Tulinuse kwanza. Bwana harusi atakayesimama naye asilie kabla ya bibi harusi."

Msimamizi alicheka mpaka akakohoa. Lilipokauka walilinusa wote, na kinyozi naye akanusa bila kuombwa, ndipo likanyooshwa. Likatoka jeupe, limekaza, na mwenyewe akaondoka na macho mekundu, akisema huko watadhani ana mapenzi makubwa kwa rafiki yake. Kaunta aliahidi kuja kuitengeneza, kwani kazi yake ilikuwa useremala.

Jua lilikuwa limepita utosini. Binti aliketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, bado na gwanda lake bovu, akimwambia mama yake taratibu kwamba si kitu, gwaride litakuwepo jingine. Alisema bila kinyongo, na hilo ndilo lililomkata maini Mzee Mkunjo aliyekuwa akisikia kutoka mlangoni.

"Vua gwanda," akasema.

Binti akamtazama.

"Vua, ukaoge kwa maji baridi, ukavae gauni la nyumbani. Hapo ulipo unaniharibia sifa."

Alilifua yeye mwenyewe, yeye ambaye beseni alikuwa akilitazama kwa mbali. Alivaa glavu zilizombana, akalipitisha maji baridi na sabuni mara mbili kama alivyofunzwa asubuhi hiyo hiyo, akabembeleza alama ya vidole vyake begani mpaka ikaondoka, akalisuuza, akalitundika palipokuwa na jua na upepo. Alisimama karibu na kamba kulilinda. Kila baada ya muda alilinusa.

Lilipokauka alirudi mezani, akafungua droo. Mkewe alikuwa mlangoni na aliona: mzee alitoa kikasha, akafuta miwani kwa ncha ya shati, akaivaa. Hakugeuka, kwa sababu alijua akigeuka atachekwa. Alilichukua kopo la wanga, akasoma maandishi yake yote mpaka chini kabisa, ndipo akapuliza. Mama alirudi uani, akafungua bomba lililokuwa halina kazi, ili asisikike akifuta kamasi.

Suruali ile aliipiga pasi kimya, bila kisa cha hakimu wala cha panya. Alipomaliza aliishika kiunoni akaiinua kwenye mwanga. Mstari mmoja kila mguu, umeshuka toka juu hadi chini bila kuyumba.

Binti alivaa, akasimama mbele yake. Mzee alimzunguka mara moja, akavuta kola ambayo haikuhitaji kuvutwa. Kisha akaenda dirishani, alikokwisha kuliweka kopo jeusi baada ya kulifuta, akamtilia mfukoni na kufunga kifungo.

"Usilisahau tena," akasema. "Likusaidie wewe. Mimi limenitosha."

Binti aliondoka akitembea kwa miguu iliyonyooka, hataki hata kukunja goti, na kinyozi akaacha kichwa cha mtu nusu ili amwangalie akipita.

Alirudi jioni, begani ana utepe mpya wa kiongozi wa zamu. Mama alimkumbatia mlangoni akalia waziwazi, wala safari hii hakuhitaji bomba. Mzee Mkunjo alibaki nyuma ya meza na miwani yake usoni. Aliutazama utepe muda mrefu, halafu macho yakashuka, polepole, mpaka kwenye magoti ya suruali, ambako kukaa na kusimama kwa alasiri nzima kulikuwa kumeacha mikunjo.

"Ndiyo nini hii?" akasema, akanyoosha mkono. "Kesho unaongoza watu. Kabadilishe uilete hapa."