Ndugu wa Karibu

Dada yangu alipofariki nilikuwa nauza tiketi za ndege Edgware Road. Shangazi, aliyetulea Landani tangu tulipokimbia Unguja baada ya mapinduzi, aliona kazi yangu hatimaye ina faida.

Dada alikuwa muuguzi katika mji mdogo wa jangwani, katikati ya Australia. Alikuwa mjane, hana mtoto. Kaka yetu mkubwa alikuwa mpishi wa wachimba madini katika mji mwingine wa jangwa lilelile. Habari tulipewa kwa simu na daktari mmoja Mpakistani aliyefanya kazi na dada. Waislamu wa pale ni wachache, alisema, wameshamuosha na kumkafini, wanataka kuzika kesho baada ya adhuhuri. Je, yupo ndugu wa kumtia kaburini?

"Mwambie yupo," shangazi akasema. "Si yuko kaka'ke hukohuko? Ende akamtie mwenyewe."

Watu wa visiwani ndivyo tulivyo. Msiba ukitokea Makunduchi kusini, hata uwe Nungwi kaskazini, unavaa kanzu na unauwahi. Hata mimi, niliyekaa chini ya ramani ya dunia kutwa, nilikuwa nikiiona ile miji miwili imepakana, kidole kimoja kinaifunika yote.

Nikafungua kitabu cha ratiba za ndege. Ndege ya moja kwa moja kati ya miji hiyo hakuna. Kaka ilibidi aruke hadi pwani, alale huko, halafu angoje kindege cha kurudi ndani jangwani, kwa dada, na chenyewe hakiruki kila siku. Mimi kutoka Landani ningefika karibu sawa na yeye. Nilimweleza shangazi kwa sauti ileile ninayowaambia wateja kuwa viti vimejaa. Nilingoja kilio kinijie, hakikuja, na hilo liliniudhi.

"Wanichezea wewe," shangazi akasema.

Tukampigia kaka. Habari ilishamfika, na alikuwa ameshafunga mkoba. "Mwambieni daktari anisubiri," akasema. "Nakuja."

Shangazi alikaa na simu mapajani. Maiti hacheleweshwi, hilo alitufundisha yeye. Mwishowe akanitaka nimpigie daktari, akamwambia kwa Kiingereza chake kidogo: mzikeni, msingoje. Kisha tukasogeza sofa, tukamsalia dada swala ya ghaibu, bila maiti mbele yetu, palepale sebuleni Kilburn. Nilisali vizuri, bila kukosea, kama mtu anayesalia jina tu.

Kaka alipiga simu kutoka uwanja wa ndege wa pwani.

"Wamenisubiri?"

"Tumeshamzika, baba," shangazi akasema.

"Kamtia nani?"

"Waislamu wenzetu."

Nyuma ya kaka tulisikia watu wakiitwa wapande ndege.

"Basi nawe msalie ghaibu hapohapo ulipo," shangazi akamwambia.

"Ghaibu anasaliwa mtu wa mbali, shangazi," kaka akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa karibu."

Shangazi akanipa simu mimi.